Miwani ya Mchonga Herufi

4 Februari

Mpwa wangu Chiriku,

Marahaba, maana najua shikamoo umeshaitoa kabla hujamaliza kufungua bahasha. Huku tuko salama, isipokuwa goti la mkaza mjomba wako, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Anakusalimu, na anauliza kama huko unakula au unashindia chai. Jirani wa ukuta wa nyuma amehama pamoja na jogoo wake, kwa hiyo sasa tunalala mpaka asubuhi yenyewe.

Usiniulize kwa nini sipigi simu. Simu ya tatu imekufa kwa vumbi la mawe na sinunui ya nne. Isitoshe, mtu aliyechonga herufi miaka thelathini na tano haridhiki na maneno yanayopita hewani yakaisha.

Jiwe la mama yako limefika. Ni marumaru nyeupe yenye mshipa mmoja wa kijivu chini, upande wa kulia. Nimelichagua mwenyewe, nikaligonga kwa kifundo cha kidole likaitika vizuri. Nimeshachora mistari ya penseli: jina lake, miaka yake, na chini kabisa MAMA WA MMOJA, kama alivyotaka. Nataka liwe limesimama kabla hajatimiza mwaka kaburini, yaani mwisho wa Julai. Msimamizi wa karakana ananiambia nimwachie Msumari, yule fundi mwenzangu mwembamba, alichonge kwa mashine. Nimemwambia dada yangu hachongwi kwa mashine.

Sasa hiyo penseli ndiyo iliyonipeleka zahanati. Siioni. Nilikuwa nabandika pua kwenye jiwe mpaka Msumari akaniuliza kama nalinusa. Nimepimwa macho, na karatasi ya vipimo nimeiweka humu. Ubao wa herufi pale zahanati bado ni ule ule niliouchora mimi miaka kumi na miwili iliyopita. Rangi ya ukuta imebanduka yote, lakini herufi zangu ziko palepale. Mpimaji ni dada mmoja mwenye foleni hadi mlangoni. Amelisifu sana jicho langu la kushoto.

Nitengenezee miwani wewe, sitaki ya mtu mwingine. Ila nataka lenzi za kioo, kioo chenyewe. Plastiki kwa vumbi letu haimalizi miezi miwili.

Nisalimie mwenye duka lako.

Mjomba wako


26 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mkaza mjomba naye shikamoo, na goti lake nalo nalipa pole yake. Mwambie nakula, tena shati la kazini limeanza kunibana. Kazi inakwenda. Nimehamishiwa dirishani, kwenye mashine ya kusagia lenzi, maji yanatiririka siku nzima na vidole vinakunjamana kama vya mfua nguo. Mwenye duka husema fundi mzuri anajulikana kwa kingo, siyo kwa katikati. Nikamwambia hayo niliyasikia kwako kabla sijaanza shule.

Karatasi yako nimeisoma. Nakueleza kila kitu, ili usije ukasema nimekuuzia mbuzi kwenye gunia. Mistari miwili ni macho mawili, wa juu la kulia, wa chini la kushoto. Penye alama ya kutoa, mtu haoni vizuri mbali. Penye alama ya kujumlisha, shida yake inaanzia karibu, na umri ukiongezeka na mbali nako kunachoka. Jicho lako la kulia lina kujumlisha moja na nusu. Namba inayofuata, ile yenye nyuzi tisini pembeni, inasema uso wa jicho haukuviringana sawasawa, kwa hiyo lenzi lazima ikae kwa mwelekeo huo huo. Nikiizungusha kidogo tu utaona mistari yako imelala. Namba ya chini kabisa ni nyongeza ya kusomea, itakaa sehemu ya chini ya lenzi. Ukishuka ngazi inamisha kichwa, usitazamie chini ya miwani, utajikwaa.

Jicho la kushoto wameandika sifuri. Maana yake halihitaji msaada wowote kwa mbali. Kwa miaka hamsini na minane na vumbi lote hilo! Mwenye duka aliangalia karatasi mara mbili, akasema huyo mzee ana bahati. Na ule ubao wako nimeucheka peke yangu mpaka mteja akaniangalia.

Kimekosekana kipimo kimoja, umbali kati ya mboni na mboni. Mkaza mjomba achukue rula, akae mbele yako, wewe utazame mbali nyuma ya sikio lake, naye apime. Bila hicho katikati ya lenzi haitakaa mbele ya jicho, utaumwa kichwa na utanilaumu mimi.

Mjomba, kuhusu kioo, hapana. Kibanzi cha jiwe kikipiga kioo, kioo kinapasuka, na kinachoingia jichoni ni vipande vya miwani yenyewe. Kuna plastiki ngumu tunayoiita polikaboneti. Juzi tuliiweka moja mezani tukaipiga nyundo, ikabonyea kidogo tu. Ni kweli inakwaruzika. Nitaipaka utando wa kuzuia mikwaruzo na kila miezi sita nitakukatia nyingine, na pembeni nitaweka vikinga. Mtu anayegonga mawe havai kioo. Na angekuwa mtu mwenye jicho moja tu linaloona, hapo tusingejadiliana kabisa. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa hapa. Shukuru wewe unayo mawili.

Nilipoandika nyundo nimekumbuka kinyundo changu, kile ulichonitengenezea kwa mpini wa kijiti cha ufagio. Nilikuwa nakaa chini ya benchi lako napondaponda vipande, na ukipumzika unanishika kidole unakipitisha ndani ya herufi zilizochongwa mpaka nikaijua A. Kile kinyundo kilipotelea wapi? Nina miaka ishirini na nane na bado nakitaka.

Chiriku wako


20 Machi

Mpwa wangu,

Barua yako imekaa posta siku tisa kwa sababu mwenye funguo za sanduku alikwenda kumwoza binti yake. Sisi wazima. Mkaza mjomba wako amepata mafuta ya kuchulia goti, nyumba nzima inanuka kama duka la dawa. Rula tumeitumia. Mara ya kwanza alicheka, mara ya pili nilicheka mimi, mara ya tatu tukapata milimita sitini na nne. Miaka thelathini ya ndoa na hatujawahi kutazamana muda mrefu hivyo.

Nimekusoma vizuri kuhusu plastiki. Sasa nisome na mimi. Msumari alinunua ya plastiki mwaka jana. Tunakata mawe kwa maji, lakini kuchonga ni kukavu, na vumbi la marumaru ni kama sukari. Ukifuta kwa shati umeshaharibu, usipofuta huoni. Nimeivaa miwani yake dakika mbili, ni kama kutazama dunia kupitia mfuko wa nailoni. Mimi nachonga kwa mkono. Ukingo wa herufi ni unene wa unywele. Nikiukosa kwenye jiwe la mtu mwingine nitasaga upya, lakini hili ni la dada yangu na nina jiwe moja.

Nimebakiza herufi kumi na moja, zile za mstari wa chini. Kama hutaki kunikatia kioo, sema, nitamwandikia mtu mwingine, wapo. Lakini ningependa mkono wako uwemo kwenye jiwe la mama yako.

Kuhusu huyo mtu mwenye jicho moja, sisi hapa hatuna. Yangu yananitosha.

Mjomba wako


11 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, na mkaza mjomba shikamoo. Huku mvua inanyesha mfululizo na paa la chumba changu linavuja mahali pamoja tu, juu ya kiti, kwa hiyo nimehamisha kiti. Nimepandishwa cheo kidogo, sasa na mimi nasaini kadi za kazi.

Kadi ya kwanza kubwa niliyosaini ni yako. Umeshinda. Nimekukatia kioo. Nimekipasha moto kwenye tanuri kikawa kigumu, si kama cha dirisha, lakini kioo ni kioo. Mwenye duka aliona kadi akatikisa kichwa, akasema kama si mjomba wako ungekubali? Aliuliza tena, una uhakika na macho yake yote mawili? Nikamwonyesha sifuri yako.

Nina masharti. Ukishika tindo, juu ya miwani hii vaa ile miwani mikubwa ya karakana, ya plastiki, inayofunika uso. Hiyo hata ikikwaruzika haidhuru. Ukiipokea jaribu kusoma gazeti, kisha tazama mlango wa jirani. Ukiona sakafu imeinuka, vumilia siku nne. Ikizidi hapo niandikie. Na usimwazime Msumari hata dakika moja, macho yake si yako.

Nimekufungia kwenye kitambaa cha kanga ya mama, kipande kilichobaki nilipoikata kushonea mto. Moyo wangu haujatulia, mjomba. Nakwambia ili ujue.

Hukunijibu habari ya kinyundo.

Chiriku


2 Mei

Chiriku mwanangu,

Weka kazi chini, kaa, usome. Ninaona!

Nimeifungua mezani mbele ya mkaza mjomba wako, nikaivaa, nikamtazama, nikamwambia una mvi. Amekataa kunipa chakula. Nimeona kwamba dari letu lina ufa, na kwamba Msumari ana kovu kidevuni, tumefanya kazi pamoja miaka kumi na tisa. Ngazi zimenitisha siku mbili tu. Nimesoma mpaka maandishi madogo ya kwenye chupa ya mafuta ya goti, na yanasema yasitumiwe zaidi ya wiki mbili.

Na jiwe, mpwa wangu. Naona penseli, naona tindo linapoingia, naona kivuli ndani ya herufi, na kivuli ndicho kinachosomwa, siyo jiwe. Nimechonga MAMA kwa siku tatu. Ile A ya mwisho nimeipapasa nikakukumbuka.

Ile miwani mikubwa ya kuvaa juu inafanya ukungu kwa pumzi, nimeitundika msumarini. Usinigombeze. Narudi kazini, jua la saa nne linaingia vizuri mlangoni.

Mjomba wako


25 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi mpaka nimemsomea mwenye duka barua yako, isipokuwa ile sehemu ya msumari. Tafadhali itundue uivae. Ukungu tunautibu, nimekuwekea chupa ndogo humu. Dondosha tone moja, futa kwa kitambaa laini.

Umefika wapi? Nimeomba likizo ya Julai nije kuliona likisimamishwa. Niandikie hata mistari miwili.

Chiriku


16 Juni

Mjomba, shikamoo.

Wiki sita kimya. Najua posta yenu, najua mwenye funguo, najua unasema mimi ni chiriku siwezi kukaa bila kelele. Lakini nimepiga simu karakana, aliyepokea akaniambia subiri, nikasubiri mpaka ikakatika. Nikapiga tena haikupokelewa.

Kama umekasirika kwa ajili ya ile miwani mikubwa, nisamehe. Sema neno moja tu.

Mpwa wako


3 Julai

Mpwa wangu Chiriku,

Usishtuke kwa mwandiko. Huu ni wa mkaza mjomba wako, mimi nasema yeye anaandika, maana jicho limeumia kidogo na daktari hataki niinamishe kichwa. Barua zako zote zimefika na nimesomewa. Sijakasirika. Ningekasirika kwa lipi?

Kilichotokea ni cha kawaida kazini. Nilikuwa naianza MMOJA. Tindo likafika kwenye ule mshipa wa kijivu, jiwe likarusha kibanzi. Nililichagua mwenyewe jiwe hilo na mshipa nikauona, kwa hiyo usilitukane. Miwani haina kosa. Ilikuwa miwani nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona, na sikuziona chache.

Goti halijambo. Jirani mpya ana mbwa, tulimcheka jogoo mapema. Usije Julai, jiwe halijawa tayari na nyumba ina wageni. Endelea na kazi yako.

Mjomba wako

Mwanangu, hapo amemaliza, amesema nikunje nifunge. Amekaa mbele yangu, anasikia kalamu inaendelea, anauliza mbona bado naandika. Nimemwambia naandika anwani.

Si kidogo. Kioo kilivunjika vipande vitatu, viwili viliingia ndani. Alilazwa wiki tano hospitali kubwa, wakashindwa, wakalitoa jicho la kulia. Hakuna mgeni humu ndani. Anatembea kwa kushika ukuta, na nikimsaidia anasema ananifundisha mimi njia.

La kushoto haliioni herufi wala sura ya mtu. Linajua tu kama dirisha liko wazi. Liko hivyo kwa miaka ishirini na nne. Pale zahanati alisoma ubao kwa kichwa, si aliuchora mwenyewe? Dada wa watu akaandika sifuri. Alimficha msimamizi asinyang'anywe tindo. Wewe alikuficha kwa sababu nyingine, na hiyo niliapa mbele ya mama yako kwamba haitatoka kinywani mwangu. Kalamu nayo ni kinywa, kwa hiyo naishia hapa.

Mwandikie. Nitamsomea.


21 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mkaza mjomba, shikamoo, na asante. Najua utamsomea hii kwa sauti, nakuomba usiruke neno hata likikuuma. Mjomba, usimgombeze. Angeninyima hayo nisingemsamehe.

Sina habari za kukupa za huku. Nakwenda kazini, nasaga, narudi. Siku niliyopata barua nilitoka na kukaa kwenye ngazi za nyuma, mwenye duka akanikuta, akachukua barua mkononi mwangu akaisoma mwenyewe. Aliniletea maji, akafunga duka saa tisa alasiri. Hajawahi kufunga saa tisa.

Nimelia mpaka nimechoka, sasa nataka kusema. Uliniandikia mwenyewe kwamba ubao wa zahanati ni wako, na kwamba herufi ziko palepale. Nilicheka. Kazi yangu ni kusoma karatasi za watu, na palikuwa na jicho la miaka hamsini na minane lenye sifuri, la mtu anayekula vumbi la mawe kila siku, kwenye ubao anaoujua kwa moyo. Mteja yeyote mwingine ningemwambia arudi akapimwe tena kwenye ubao mwingine. Wewe nilikupenda mno nikaacha kukukagua. Na hata ungekuwa na macho manne, fundi wa mawe hapewi kioo. Nilijua. Nilikuandikia kwamba najua, halafu nikasaini.

Kadi hiyo nimeitoa kwenye faili. Mwandiko wangu ni mzuri sana.

Sasa nataka uniambie kitu kingine. Mkaza mjomba ameandika miaka ishirini na nne. Nina ishirini na nane. Nimekaa na hesabu hiyo siku kumi na inanirudisha mahali pamoja. Nakumbuka benchi lako kwa chini, mbao zake na gundi iliyokauka. Nakumbuka kinyundo. Nilipiga kipande kwa nguvu zangu zote, kikaruka, nawe uliyekuwa umeinama kunitazama ukakaa chini ghafla na mkono usoni. Nikadhani ni mchezo. Nilicheka, mjomba. Nakumbuka kicheko changu kuliko kitu kingine chochote. Mama akaja mbio akaninyanyua, akanipeleka kwa jirani, nikalala huko siku ambazo sikujua ni ngapi. Uliporudi ulikuwa na kitambaa kichwani ukasema umegongwa na mlango. Na kinyundo hakikuwepo tena, na tangu siku hiyo ukinifundisha herufi ulikuwa unaniketisha upande wako wa kulia.

Ni mimi, sivyo? La kushoto mimi, la kulia mimi. Nilipokuwa mdogo sikujua, na nilipokuwa mkubwa nilijua nikasaini.

Mama alikufa akiwa anajua. Wewe unajua, mkaza mjomba anajua. Nyote mmenibeba miaka yote hii kama mtoto anayelala mabegani. Nishusheni. Nijibu, kinyundo kilikwenda wapi?

Mpwa wako


9 Agosti

Mpwa wangu Chiriku,

Marahaba. Sisi tupo. Nimegundua nina katibu asiyeaminika, anayeandika anwani ndefu kuliko barua. Nimemwambia leo aandike ninayosema tu, naye amesema tutaona. Alikusoma mara mbili. Mara ya kwanza alishindwa katikati akaenda jikoni kuzima jiko lisilowaka.

Mama yako ametimiza mwaka. Tulikwenda, tukaweka maua kwenye udongo mtupu. Nilimwomba radhi kwa kuchelewa. Hiyo ndiyo habari kubwa ya huku.

Sitakudanganya kwamba niko vizuri. Asubuhi nikiamka nasubiri dari, lile lenye ufa ulionionyesha, na haliji. Nalia, tena kwa jicho ambalo halipo, daktari anasema ni kawaida. Nimeona herufi kwa miaka thelathini na tano na siku ishirini na sita za mwisho niliziona kwa miwani yako. Nakwambia kweli tupu, katika zote hizo, ishirini na sita ndizo nilizoshiba.

Uliniambia hapana kwa maandishi. Nimeomba nisomewe tena barua ile, na kila kitu kimo, kioo, vipande, jambo la kwanza ulilofundishwa. Mtu aliyesoma "mwenye jicho moja" akaandika "sisi hapa hatuna" ni mimi. Uwongo wangu ulikuwa hodari kuliko kazi yako, ndiyo maana ukapita. Kama unataka kulia, lia kwa sababu mjomba wako haoni. Hilo nalipokea. Lakini usilie kwa sababu ya saini.

Nimemtuma Msumari zahanati kuung'oa ule ubao. Dada mpimaji alibisha kidogo, mpaka aliposimuliwa. Sasa amepata mbao tatu zenye herufi tofauti, anazibadilisha. Ule wangu umeegemezwa hapa ukutani, mkaza mjomba anautaka kwa kuanikia viazi. Msumari naye amevaa hiyo polikaboneti yenu, yenye vikinga pembeni. Inakwaruzika, analalamika, anabadilisha, na macho yake yote mawili yako mahali pake.

Sikiliza sasa. Jiwe limekomea kwenye MAMA WA na nusu ya mguu wa M. Msimamizi anataka Msumari amalizie. Nimekataa, na karakana nzima inaniona nimechanganyikiwa. Lakini jana nilikwenda nikaweka vidole, na mistari ya penseli siioni ila mahali pake napajua, kama ulivyokuwa unapajua wewe nilipokushika kidole. Tindo naweza kulishika na kulilaza panapotakiwa. Kupiga siwezi, sijui nyundo itatua wapi.

Njoo. Mimi nitashika tindo, wewe utapiga. Ni herufi tano. Njoo na miwani miwili ya plastiki, yako na yangu. Usinicheke. Hili la kushoto bado linajua dirisha likiwa wazi, na huo mwanga kidogo nataka kubaki nao. Utaketi upande wangu wa kulia kama zamani, nami nitakuambia piga, na utapiga kwa nguvu zako zote.

Kuhusu kinyundo, umeniuliza mara tatu nami nimekwepa mara mbili. Kilipotea. Vitu vya watoto hupotea, Chiriku, na hakuna anayemuuliza mtoto.

Mjomba wako